Anatafutwa Mwoga

"Damu hakuna," Sista alisema. Alikuwa amelisema neno hilo tangu asubuhi kwa kila aliyefika mlangoni pake, na sasa hakuwa na nguvu ya kulivisha nguo. "Dripu ipo. Sindano zipo. Glavu nilizobakiwa nazo ni hizi nilizovaa. Lakini damu, mama, hakuna."

Dobi alisimama na shuka aliyoviringisha kifuani. Miaka yote hii amekula kwa kuondoa madoa ya watu, na damu aliijua kuliko Sista alivyodhani. Damu ya pua, ya kisu cha jikoni, ya mwezi, ya ugomvi. Alijua kwamba yataka maji baridi na chumvi, na ukikosea ukatia maji ya moto imeingia humo humo, hata uisugue mpaka kucha zing'oke. Shuka hii hakuhitaji kuikunjua. Uzito wake ulitosha kumwambia.

Nyuma ya pazia alilala mdogo wake, mziwanda wao, mtoto aliyemlea mwenyewe baada ya mama yao kufa. Alikuwa amejifungua alfajiri. Binti mzima, sauti kama filimbi. Ila mama wa binti alikuwa anavuja. Walimkanda tumbo, wakamchoma sindano, ikapungua, haikukoma.

"Mwezi juzi barabara nzima tulitoa damu," Dobi alisema. "Foleni ilizunguka uwanja. Mimi mwenyewe nilitoa. Hiyo damu yetu imekwenda wapi?"

"Ilikwisha muda."

"Damu ina muda?"

"Kama maziwa, mama. Wiki tano hivi, basi."

"Mkaifanya nini?"

Sista alitazama glavu zake. "Ilichomwa."

"Mmeichoma damu yangu!"

"Si mimi niliyeichoma," Sista alisema taratibu. "Na si mimi niliyewaita mje wote siku moja."

Ni kweli, hakuwa yeye. Siku jengo la soko lilipoporomoka, waliowaita watu walikuwa wakubwa wenye vipaza sauti. Walitundika kitambaa uwanjani, kimeandikwa KUTOA NI MOYO, na mheshimiwa mmoja akalazwa kitandani mbele ya kamera, mkono kaunyoosha, anatabasamu. Kamera zilipoondoka, naye akaondoka, na mkono wake mzima. Watu hawakuliona hilo, au waliliona wakalimeza. Walikuja na huruma yao kama walivyo watu maskini siku zote, bila kupima. Wakatoa mpaka friji zikajaa, mpaka chupa za soda za kuwapoza zikaisha, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyesema: inatosha leo, nyinyi rudini mwezi ujao, na nyinyi mwezi wa pili. Wangesema vipi? Foleni ndefu inapendeza kwenye picha. Na waliofukuliwa kifusini wengi walikuwa wamekwisha kufa. Maiti haongezwi damu.

Kisha homa ikaingia. Shule zikafungwa, madarasa yakageuzwa kambi ya wagonjwa, mikusanyiko ikapigwa marufuku. Sasa, kwa wasiojua, damu ya hospitali zetu ni mikono ya wanafunzi. Gari la damu huenda shuleni, vijana hupanga mstari, hupewa biskuti, na mama fulani asiyewajua huamka akanyonyesha. Shule zikifungwa, bomba limefungwa. Watu wazima waliobaki walikuwa wamekwisha kukamuliwa siku moja, kwa ajili ya wafu.

"Nipatie watu wanne, watano," Sista alisema. "Wasiwe walitoa siku ile. Wengi nawataka kwa sababu si wote watakaolingana naye."

"Mimi sikutoa," alisema mume wa mziwanda.

Dobi aligeuka akamtazama. Shemeji yake alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache, mikono imeliwa na saruji. Siku ile alikuwa nyuma yake kwenye foleni, akimkinga jua kwa gazeti.

"Hukutoa?" Sista aliuliza.

"Sikutoa. Nichome sasa hivi."

Sista alimvuta kope la chini kwa kidole, akachungulia kama mtu anayetazama ndani ya debe tupu. "Mweupe kama chaki. Unakula nini, shemeji yangu?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

Tangu homa ije, hakuna aliyejenga hata choo. Kinywani mwa Mwashi mlikuwa mkiingia chai ya rangi asubuhi, na jioni kile ambacho mkewe mjamzito alikuwa amekibakiza kwa makusudi akidai amekikinai.

"Ukianguka hapa nitakuwa na wagonjwa wawili na kitanda kimoja," Sista alisema. "Kaa chini, usiseme uongo tena mbele ya mkeo. Anasikia."

Mwashi akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akaivua kofia yake akaishikilia kwa mikono miwili kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Ana mpaka lini?" Dobi aliuliza.

"Akijitahidi, mpaka jua lizame. Sitaki nikudanganye."

*

Barabara aliyokaa Dobi ilipanda kilima kwa nyumba za kupanga, ua mmoja familia tano, bomba moja nyua tatu. Alianza na mlango wa kwanza chini akapanda.

"Ee Dobi wangu," alisema Mama Duka, akimsemesha kupitia nondo za dirisha, kwa sababu siku hizi aliuza kupitia nondo. "Pole mwaya. Ningempa hata lita. Lakini si unakumbuka? Nilitoa siku ile." Akageuza mkono, akaonyesha kwa kidole pale kiwiko kinapokunjika.

Muuza mkaa naye alikuwa ametoa siku ile. Fundi wa redio alitoa, tena akaona kizunguzungu. Wale ndugu wawili wa karakana ya baiskeli walitoa wote wawili. Kinyozi alimwacha mteja na nusu ya kichwa, akatoka nje kumjibu.

"Dobi, we! Unaniuliza mimi? Plasta yangu si uliiona kwa macho yako? Ukanipigia vigelegele pale njia panda!"

"Niliiona."

"Basi. Ningekuwa nayo ningekupa, Mungu shahidi." Akarudi ndani haraka, na mashine ikaanza kunguruma kabla hajamfikia mteja.

Dobi alisimama juani. Alizikumbuka hizo plasta. Alikumbuka jinsi alivyosimama njia panda, kibwebwe kiunoni, plasta yake mkononi kama nishani, akimsimanga kila mwanamume aliyepita na mkono mtupu. Ulimi wa Dobi ulijulikana; ukikufulia jina, halitoki. "Asiyetoa leo hana moyo, ana kokoto! Wewe, plasta yako iko wapi? Unangoja nini, ufe nayo ukaiuze ahera?" Wanaume wakainamisha vichwa, wakashuka kilima mbio. Wakarudi baadaye na plasta. Kila mmoja na plasta. Mpaka jioni hapakuwa na mkono mtupu barabara nzima, ila mmoja.

Mnoa visu. Mpangaji wa chumba cha nyuma ya bomba, mtu mpole mwenye gurudumu lake la kunolea, alikuwa amerudi jioni ile bila plasta na bila hadithi. Dobi alimwuliza mbele ya watu. Akajibu: "Naogopa sindano." Watu walicheka mpaka wakaketi. Mnoa visu, anaogopa sindano! Na Dobi, ambaye hakuwahi kupitwa na neno, akambatiza papo hapo: "Huyu ni kupe. Yumo katika ngozi yetu, ananyonya, hatoi." Tangu siku hiyo hata watoto walimwita Kupe, na visu walipeleka kunolewa kwingine.

Sasa alikwenda kugonga mlango wa chumba cha nyuma ya bomba.

Mnoa visu alifungua nusu. Alipomwona, macho yake yakaenda kwanza kwenye mikono ya Dobi, kama anatafuta jiwe.

"Fundi," Dobi alisema. Ni mara ya kwanza kumwita hivyo tangu siku ile. "Mdogo wangu anakufa."

"Nimesikia. Kuta zetu hizi mbao." Alilamba midomo. "Nilitaka kuja. Nikasema utanitukana."

"Ningekutukana."

"Ndiyo. Nilijua." Akavaa viatu. Kamba hakuzifunga, akazisokomeza ndani. "Twende kabla sijafikiri," alisema.

*

Langoni mwa hospitali mlinzi aliwaelekezea kwenye paji la uso kile kipimo cha homa kinachofanana na bastola, na Mnoa visu akafumba macho kama anapigwa risasi kweli. Pembeni lilisimama gari la kambi, jeupe, mlango wa nyuma wazi. Ndani mlikuwa na mabenchi mawili na harufu ya dawa. Kila mtu mjini alilijua gari lile. Aliyepanda hakutembelewa. Wengine walirudi, wengine familia zao ziliitwa kuja kutazama kwa mbali shimo likifukiwa.

Sista alimchoma kidole kwanza, tone dogo la kutazama kundi la damu. Mnoa visu alilia. Si kwa kwikwi, machozi tu yalishuka huku anasema, "Endelea, endelea, usinitazame." Kisha wakangoja ukumbini, Mnoa visu na Dobi na Mwashi.

Sista alirudi akasimama mbele yao, na Dobi akajua kabla hajafungua kinywa.

"Halilingani."

"Mchome tena!"

"Hata nikimchoma mara mia, mama. Damu yake ikiingia kwa mdogo wako itamuua upesi kuliko anavyokufa sasa."

Mnoa visu aliketi na kidole chake hewani, pamba nyekundu kwenye ncha. Alionekana kama mtu aliyevunja akiba yake yote akaambiwa noti zake zimepitwa na wakati.

Pazia lilifunguka kidogo na Dobi akaingia. Mdogo wake alikuwa na rangi ya majivu ya jikoni. Kichanga kimewekwa ubavuni pake, kimefungwa taulo la hospitali.

"Dada."

"Nipo."

"Midomo yangu imekauka. Mbona watu wengi hivyo wanapiga kelele?"

Hapakuwa na kelele. "Ni majirani," Dobi alisema. "Wamekuja kukuona."

"Waambie waje wachache wachache. Wameambiwa wasisongamane." Akafumba macho, akatabasamu kidogo kwa kujiona mwenye akili, akitii amri ya serikali hata pale.

Dobi alitoka akamshika Mnoa visu shati.

"Barabara nzima wametoa. Nimekwenda kila mlango. Wote wametoa isipokuwa wewe! Nimtoe wapi mtu mwingine mimi?"

Mnoa visu alimtazama Mwashi, akautazama ukuta, akasema kwa sauti ya chini sana: "Dada, siku ile sikujificha peke yangu."

"Unasema?"

"Kwenye lile jengo la udongo nyuma ya kinu cha unga. Niliingia nikidhani nitakuwa pekee. Nikawakuta. Tulibanana humo kama vijiti vya kiberiti. Mmoja alikuwa na kiboksi cha plasta kanunua dukani. Wakabandikana. Nami wakanipa."

"Kwa nini hukubandika?"

"Ilikuwa inawasha," alisema, na kwa namna alivyosema ilikuwa dhahiri hilo silo jibu, ila jibu lenyewe hakulijua.

"Ni nani hao? Nitajie!"

"Hapana."

"Mdogo wangu anakufa, wewe mwanaharamu, nitajie!"

"Mimi nilitajwa, dada." Hakuinua sauti. "Najua inavyokuwa. Nipige ukitaka. Siwataji."

Dobi aliinua mkono. Mwashi, kutoka sakafuni, akasema: "Shemeji. Mwache. Jua linashuka."

*

Pale njia panda, chini ya mwavuli wa turubai, siku hizo walikuwa wakigawa sabuni na dawa ya maji. Watu walipanga mstari kila mmoja kwenye duara lake la chokaa, kitambaa puani, ndoo mkononi. Karibu barabara nzima ilikuwa pale. Dobi alichukua ndoo ya mtu asiyemjua, akaipindua, akapanda juu yake.

"Jamani!"

Watu waligeuka. Askari wa mgambo aliyesimamia mstari akasema, "Mama, hakuna mikutano," naye akamjibu bila kumtazama, "Si mkutano, ni mtu mmoja juu ya ndoo."

Kisha, kwa mara ya kwanza maishani, hakujua aanzie wapi. Alikuwa ameuzoea ulimi wake kama upanga. Hakujua jinsi ya kuushika kwa upande wa makali.

"Mdogo wangu amejifungua leo. Damu inamtoka. Hospitali hawana. Ile tuliyotoa wameichoma moto." Mnong'ono ulipita mstarini. "Ndiyo. Wameichoma, imewafia mikononi bure. Mimi sina ya kumpa, nilitoa. Mumewe hana. Kila aliyekuwa shujaa siku ile leo hana faida kwangu. Ninatafuta mwoga."

Mtu mmoja alicheka, akaacha.

"Mmesikia vizuri. Ninatafuta aliyejificha. Aliyekimbia, aliyeogopa sindano, aliyeogopa majibu, aliyekuwa amelewa, aliyeona uvivu. Mwenye plasta ya dukani, ndiye ninayemtaka. Huyo tu ndiye mwenye uhai wa mdogo wangu."

Watu waliangalia ndoo zao. Mama Duka alikuwa ameanza kukung'uta kitu kisichokuwapo kwenye nguo yake.

"Hapa wote tulitoa," muuza mkaa alisema hatimaye, kwa ukali. "Unatutukana tena, Dobi?"

"Situkani. Mimi ndiye niliyewafundisha kudanganya! Nilisimama papa hapa nikawavua nguo mkashindwa kupita. Mtu akiogopa, nilimpa jina. Basi nipeni mimi jina leo. Niiteni mnavyotaka, jina baya kuliko yote, nitaitika. Nitaitika mpaka kufa. Mnipe na mtu."

"Na wakimkuta na homa?" aliuliza fundi wa redio, macho chini. "Hapo langoni pana gari. Mtu anakwenda kumsaidia mdogo wako, yeye anapelekwa kambini. Watoto wake utawalisha wewe?"

Swali lilikuwa la haki, na aliyepaswa kulijibu hakuwa pale. Alikuwa mahali fulani penye kiyoyozi, akihesabiwa miongoni mwa waliotoa.

"Sijui," alisema. "Sijui nitawalisha kwa nini."

Alishuka kwenye ndoo. Hakuna aliyeinua mkono. Mgambo akasema, "Haya, mstari, mstari, mita moja," kwa upole ambao ulimuumiza kuliko rungu.

Alishuka kilima akilia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea, bila kujifuta. Alifika bondeni kwenye daraja ndipo aliposikia viatu nyuma yake. Akageuka. Mama Duka alikuwa anakuja, mbali kidogo, kikapu mkononi. Macho yao yalipokutana, Mama Duka akatazama mtoni.

"Naenda zangu kufuata chumvi ya jumla," alisema.

Dobi aligeuka tena mbele. Aliendelea kutembea. Nyuma ya Mama Duka alikuwa mmoja wa wale ndugu wa karakana, akisukuma baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, kana kwamba anaipeleka mahali. Hakutazama mtu.

*

Wakakutana langoni, na lilikuwa jambo la kuchekesha kama si la kuliza: Mama Duka na kijana wa baiskeli, kila mmoja anashangaa kumwona mwenziwe.

"Kumbe na wewe?" Mama Duka alisema.

"Mimi nimesindikiza baiskeli."

"Ndugu yako je? Naye alitoa?"

"Yeye alitoa kweli. Hajui kuhusu mimi. Tafadhali, Mama Duka."

Mlinzi akawapima. Wakapita. Sista akawapokea kwa mikono miwili, akawakimbiza ndani, na Dobi akabaki langoni akitazama barabara. Kwa mbali, kutoka njia ya machimbo, njia ndefu isiyopita mbele ya nyumba ya mtu yeyote, alikuja mtu mbio, shati limemgandama mwilini.

Alikuwa Kinyozi.

"Bado yu hai?" alisema akihema. "Nimezunguka na machimbo. Sikutaka wanione. Bado yu hai?"

"Yu hai. Ingia, ingia!"

Mlinzi alimwelekezea kile kibastola kwenye paji la uso. Kikalia. Akakitikisa, akapima tena. Kikalia.

"Kaa pembeni," mlinzi alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ni jua hili, afande. Nimekimbia."

"Nimesema kaa pembeni. Usinisogelee."

"Mweke kivulini apoe, umpime tena!" Dobi alisema. "Kazunguka kilima kizima mchana huu! Hata jiwe lingekuwa na homa!"

"Mama, amri ni amri. Kikilia mara mbili ni gari. Mimi nisipompandisha, napandishwa mimi." Alikuwa mdogo, huyo mlinzi, na kitambaa chake cha puani kilikuwa kimelowa. Akapiga filimbi.

Wakaja wawili wamevaa plastiki toka kichwani hadi miguuni, hawana nyuso. Kinyozi hakupigana. Alikuwa mzungumzaji wa barabara nzima, mtu ambaye kiti chake kilijua habari za kila ndoa, na sasa alitafuta neno kama mtu anayepapasa mifuko. Dobi alimfuata mpaka pale walipomzuia kwa fimbo ndefu.

"Nilikuwa naogopa majibu," Kinyozi alimwambia, kana kwamba bado walikuwa kwenye mazungumzo yale ya asubuhi. "Siku ile. Sindano siiogopi. Ni majibu. Unawanyoa watu miaka yote, nyembe zinakukata, hujui una nini." Alipanda ngazi ya gari. "Basi leo nikasema, potelea mbali, wanijulishe."

"Watakupima, utarudi. Ni jua tu. Nitawaambia."

"Dobi. Nyumbani nimesema nakwenda kununua nyembe."

Mlango ukafungwa.

*

Damu ya kijana wa baiskeli haikulingana. Ya Mama Duka ililingana. Ilipokwisha kupimwa jua lilikuwa limeshika bati za wodi, na Sista akaitundika chupa ya plastiki juu ya kitanda cha mziwanda, nyekundu, nzito, ikianza kushuka tone moja moja katika mpira. Mwashi alipiga magoti upande ule wa mtoto, akayafuata matone hayo kwa midomo kama mtu anayesoma. Mama Duka alikaa ukumbini na pamba kiwikoni. Sista alipomletea plasta, alikataa.

"Atapona?" Dobi aliuliza.

"Moja haitoshi," Sista alisema. "Ila imemkuta. Midomo inarudi rangi, umeona? Kesho nitahitaji nyingine, na keshokutwa." Akasita. "Yule aliyepelekwa, ni nani wako?"

"Ni kinyozi wetu."

"Wakimwona hana kitu watamwachia. Lakini lazima akae humo kwanza wiki tatu. Na humo," alisema Sista, kisha akageuka kurekebisha mpira ambao haukuhitaji kurekebishwa.

Mziwanda alifungua macho. "Dada, wameondoka wale watu?"

"Wameondoka. Lala."

Dobi alitoka. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyejua alikokwenda. Akavuka daraja, akapanda kilima, akapita njia panda ambako mwavuli ulikuwa umekunjwa na maduara ya chokaa yamebaki bila watu. Kinyozi alikuwa amefunga duka lake kwa kamba tu, fundo la mtu anayerudi sasa hivi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka. Taa ilikuwa imewashwa ingawa mwanga wa nje ulikuwa bado upo, na sauti za watoto wakigombea kitu zilitoka ndani.

Alibisha. Mke wa Kinyozi alifungua akiwa na mtoto mgongoni na kitambaa cha jikoni begani. Alipomwona Dobi, uso wake ukafunguka kwa huruma.

"Yarabi! Nimesikia habari za mziwanda wako. Vipi, anaendeleaje?"

"Amepata," Dobi alisema.

"Alhamdulillahi! Nilimwambia baba watoto, kama ningekuwa sinyonyeshi ningekwenda mimi. Akanyamaza tu. Unamjua, hapendi habari za damu." Akasogea, akausukuma mlango kwa kiwiko kuufungua zaidi. "Sasa mbona umesimama mlangoni? Ingia ukae, mwenzangu. Ingia umngoje. Amekwenda kununua nyembe, hakawii."